Dakika Tatu za Kusimama: Duncan Sheik kati ya albamu na jukwaa

Jumanne iliyopita, katika ukumbi wa kanisa tunaoukodi Ngara, Nairobi, kwa mazoezi, mama mmoja mwigizaji aliinua mkono katikati ya wimbo. Bendi ikanyamaza. Akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyechoka: "Mwalimu, hizi dakika tatu mimi nafanya nini?"

Alikuwa ameshika sanduku la nguo. Igizo letu linahusu binti wa Kayole anayeenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na huyu ndiye mama yake. Wamefika uwanja wa ndege, wanaagana. Kijana anayetutungia nyimbo alikuwa ametuletea wimbo wake mmoja ambao tayari una jina, umepigwa redioni na kwenye matatu za Rongai mpaka makondakta wanauimba wakihesabu chenji. Kiitikio chake ni maneno ambayo Mkenya yeyote humwambia mtu akitoka mlangoni: ukifika nijulishe. Ni wimbo mzuri na nimeusikia mara nyingi bila kuuchoka. Ila pale Ngara, kufikia ubeti wa pili, mama alikuwa amesimama na sanduku lake kama mtu anayengoja lifti iliyoharibika.

Mimi ni mwelekezi wa muziki wa maigizo. Nafundisha waigizaji sauti zao, napanga ala ipi iingie wapi, napiga kinanda, na usiku wa shoo ndiye ninayetikisa kichwa bendi ianze. Swali la yule mama nimeulizwa kwa namna nyingi, na watunzi wanaoniletea shida hiyo karibu wote ni wa aina moja: vijana hodari wa studio ambao wameitwa jukwaani. Huwa nawasimulia habari za Mmarekani mmoja anayeitwa Duncan Sheik. Nimezisimulia mara nyingi sana kwenye ngazi za kumbi, nikaona afadhali niziandike hapa mara moja.

Kwanza nieleze shida yenyewe.

Wimbo wa redio una ruhusa ya kukaa pahali pamoja. Mtu ameachwa na mpenzi. Ubeti wa kwanza ameachwa, ubeti wa pili ameachwa, kiitikio kinarudi mara ya nne bado ameachwa, na sisi tunafurahi kwa sababu tunaimba naye. Unausikiliza ukiosha vyombo. Mstari ukikupita, kesho utaurudia. Jukwaani msikilizaji anausikia mara moja tu, amelipa, ameketi gizani, na macho yake yako kwa mtu mwenye sanduku. Anataka kujua kama ataliachilia au hataliachilia.

Tuliosoma shule za msingi hapa Kenya tulisimamishwa kwenye gwaride kukariri ngonjera. Basi tumia hiyo. Shairi la kawaida lina msemaji mmoja, na kibwagizo chake kinarudi vile vile mwisho wa kila ubeti. Ngonjera ina wawili, na kila ubeti unamjibu aliyetangulia. Mtihani ninaowapa watunzi wangu ni rahisi: ng'oa ubeti wa pili, uimbe bila huo. Kama hakuna aliyegundua, ulileta shairi. Kama mazungumzo yamekatika na waigizaji wanatazamana, ulileta ngonjera. Tamthilia nyingi za muziki za Marekani, zile za jadi, ni ngonjera tupu: watu wanaongea, maneno yanawazidi, wanaanza kuimbiana, na wimbo ukiisha jambo limebadilika. Mtu amekubali posa, au ameamua kuhama.

Sheik ni mtu wa mashairi. Alizaliwa 1969 Montclair, New Jersey, na sehemu ya utoto wake akaipitisha Hilton Head, South Carolina, kwa babu na nyanya yake. Nyanya alikuwa mpiga piano. Akasomea semiotiki, yaani taaluma ya ishara, katika Chuo Kikuu cha Brown, na huko chuoni akampigia gitaa mwimbaji Lisa Loeb kabla ya wote wawili kujulikana. Mwaka 1996 kampuni ya Atlantic ikatoa albamu yake ya kwanza, na ndani yake mlikuwa na wimbo "Barely Breathing". Wimbo huo haukuwahi kufika kileleni, ulikwama nafasi ya 16 kwenye chati ya nyimbo ya Marekani, Billboard Hot 100, lakini ulikataa kushuka: ulikaa kwenye chati wiki 55. Zaidi ya mwaka mzima! Sauti yake ni ya mtu anayekunong'onezea akiwa ameinamia maiki, gitaa la mbao likiwa mbele, na kila kitu kingine kimerudishwa nyuma ya chumba.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia aandike tamthilia ya muziki atakuangalia mara mbili, na ndivyo ilivyokuwa. Hakuwa mpenzi wa tamthilia za muziki. Kilichokuwa kikimkera hasa ni ile sekunde ambapo mhusika anaacha kuongea na kuanza kuimba. Nakiri hata mimi ninayeishi kwa kazi hii huikwepa sekunde hiyo nikiweza. Ukumbi mzima hukunja vidole vya miguu.

Aliyemwingiza ni mwandishi wa tamthilia, Steven Sater. Walijuana 1999 kupitia dini, wote wawili wakiwa Wabudha wa jumuiya ya Soka Gakkai. Sater akaanza kumpa maneno, Sheik akayatilia mahadhi, na matokeo ya kwanza hayakuwa igizo bali albamu, Phantom Moon ya 2001. Ni albamu ya kimya kimya, gitaa na vinanda vya nyuzi, iliyo karibu sana na mwimbaji Mwingereza Nick Drake. Haikuuza kama ile ya kwanza. Kwa maoni yangu ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu ilimzoeza kuimba maneno ambayo si ya maisha yake. Mtunzi wa albamu huwa anasema "mimi" na kumaanisha mimi. Hapa alijifunza kusema "mimi" ya mtu mwingine.

Wakati huo huo Sater alikuwa amemletea tamthilia ya Mjerumani Frank Wedekind iliyoandikwa 1891, habari za vijana wa shule wanaobalehe katika mji ambao watu wazima wamekataa kuwaambia chochote. Binti anamuuliza mama yake watoto hutoka wapi, na mama anazungukazunguka, hajibu. Msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa hapo. Tamthilia ilikuwa nzito hivi kwamba haikupanda jukwaani hadi 1906, mwongozaji Max Reinhardt alipoionyesha Berlin. Sheik na Sater waliifanyia kazi karibu miaka saba, warsha baada ya warsha, wafadhili wakija na kutoweka. Tamthilia yao ya muziki, Spring Awakening, ilifunguliwa katika Atlantic Theater mjini New York katikati ya 2006 na kuingia Broadway, yaani zile kumbi kubwa za tamthilia za jiji hilo, tarehe 10 Desemba mwaka huo huo, miaka 100 tangu Berlin.

Sasa angalia alichofanya na ile sekunde inayomkera.

Darasani, somo la Kilatini. Wavulana wamevaa sare za karne ya 19, koti limefungwa hadi shingoni, wanakariri mistari ya Virgil, mshairi wa Kirumi, kama watoto wa madrasa wasio na mwalimu mpole. Mmoja, Moritz, hajalala usiku, anakosea. Rafiki yake Melchior anamtetea kwa hoja. Mwalimu anamchapa kiboko. Melchior anatia mkono ndani ya koti lile la 1891 na kutoa maiki, maiki ya kisasa ya kushika mkononi, kisha anaimba. Wenzake wanaendelea kukariri Kilatini chini kwa chini. Mwalimu hasikii kitu. Wimbo unakwisha, maiki inarudi kotini, somo linaendelea palepale lilipoachwa.

Ukilipima kwa mtihani wangu wa ngonjera, lile tukio lingeanguka. Ng'oa ubeti na hakuna chochote kitakachobadilika darasani, kwa sababu wimbo haukutokea darasani. Umetokea kichwani mwa mvulana. Hakuna anayemjibu kwa kuwa hakuna anayemsikia isipokuwa sisi. Na mtu akiwa peke yake kichwani mwake huwa anafanya nini? Anarudia jambo lile lile, kwa maneno yale yale. Anaimba kiitikio. Sheik hakulazimika kuacha utunzi wa albamu ili aingie jukwaani. Yeye na Sater walitafuta mahali ndani ya igizo ambapo wimbo wa albamu una haki ya kuwapo, wakajenga mlango wa kuingilia, na mlango wenyewe ni ile maiki.

Wahakiki wengi huitaja maiki kama ishara, kwamba kila kijana anajiona nyota wa roki akiwa chumbani kwake. Sawa. Ila mimi ni mtu wa mitambo kiasi, na naona faida nyingine ambayo haitajwi sana. Katika maigizo ya muziki mwigizaji kwa kawaida huvaa maiki ndogo, imefichwa kwenye nywele au imebandikwa shavuni. Maiki hiyo iko mbali na mdomo na inasikia kila upande. Ukiweka ngoma na gitaa la umeme karibu nayo, inazoa kila kitu, na fundi akijaribu kuipandisha, spika zinaanza kupiga mluzi. Kwa hiyo mwigizaji analazimika kuimba kwa nguvu, kifua wazi, mtindo ule wa Broadway. Maiki ya mkononi inagusa mdomo. Inasikia mbele yake zaidi kuliko kando, na ukiisogelea sana inaongeza uzito wa sauti za chini, ndiyo maana mtangazaji wa redio usiku husikika kama yuko ndani ya sikio lako. Ukiwa nayo unaweza kunong'ona bendi ya roki ikiwa hatua tatu nyuma yako. Na ndiko ilikokuwa: gitaa, besi, ngoma, vinanda vya nyuzi, wote jukwaani pamoja na waigizaji, wakiongozwa na Kimberly Grigsby. Kwa ufupi, walihamisha studio ya Sheik na kuipeleka Broadway, pamoja na umbali ule ule wa mdomo na maiki.

(Maiki zisizo na waya zina mambo yake. Miaka michache iliyopita, katika ukumbi mmoja wa mjini, mhusika wetu alikuwa anakata roho, ukumbi kimya, na kwenye spika ikaingia sauti ya mhubiri wa mkutano wa injili wa jirani ambao maiki zao zilikuwa kwenye masafa yetu. "Inuka utembee!" Mwigizaji, Mungu ambariki, hakuinuka.)

Ukitaka kuona tofauti, linganisha na Sarafina!, ambayo Wakenya wengi tunaijua kupitia filamu ingawa ilianzia jukwaani katika Market Theatre, Johannesburg, 1987. Huko pia ni wanafunzi, sare, mwalimu, viboko vya dola. Lakini nyimbo za Mbongeni Ngema na Hugh Masekela zinaimbwa nje, kwa pamoja, ili zisikike. Askari akisikia, ndivyo inavyotakiwa. Wanafunzi wa Soweto wana wimbo wa umati, na wale wa Wedekind wana wimbo wa mtu aliyefungiwa. Huwa nawauliza watunzi wangu swali moja kabla hawajagusa gitaa: katika igizo hili, nani anausikia wimbo? Wakishindwa kujibu, tunarudi nyumbani mapema.

Spring Awakening ilipata tuzo 8 za Tony, tuzo kuu za Broadway, mwaka 2007, ikiwamo ya tamthilia bora ya muziki. Sheik alibeba mbili, ya muziki na nyimbo pamoja na Sater, na ya upangaji wa ala. Ilionyeshwa mara 859 hadi Januari 2009. Baadaye, 2015, kundi la Deaf West liliirudisha Broadway na waigizaji viziwi na wanaosikia pamoja, kwa lugha ya ishara. Kwa igizo linalohusu watoto ambao wazazi hawawasikii, nadhani hilo lilikuwa wazo kali kuliko hata maiki.

Tuzo zikishapatikana wengi hubadilika na kuwa watu wa Broadway moja kwa moja. Sheik hakubadilika sana, na hapo ndipo nampendea. Mwaka 2009 alitoa albamu, Whisper House, kisha 2010 ikapanda jukwaani San Diego katika ukumbi wa Old Globe. Hadithi ni ya mnara wa taa pwani ya Maine wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nani anaimba? Mizuka. Walio hai hawaimbi, wanaongea tu, na mizuka inaimba juu ya vichwa vyao. Unaona mkono wa mtu yule yule? Amekwepa tena ile sekunde ya kuacha kuongea na kuanza kuimba, kwa kuwapa nyimbo watu ambao kwa vyovyote hawasikiki. Halafu American Psycho, London 2013 katika ukumbi mdogo wa Almeida, muziki wote wa kompyuta na sinthesaiza. Mhusika mkuu ni tajiri wa Wall Street ambaye hatuna hakika kama mauaji tunayoyaona yako nje au kichwani mwake. Kichwani, tena. London ilijaa. Broadway, 2016, ilifungwa baada ya maonyesho 54.

Hamsini na nne dhidi ya 859. Mtunzi ni yule yule, na mbinu inafanana. Nimeisikiliza rekodi ya London mara kadhaa na maelezo yangu ni haya, uyachukue kama ya mtu mmoja: kichwa cha mvulana anayeogopa ni mahali ambapo mtazamaji anakubali kuketi saa mbili. Kichwa cha muuaji baridi ni mahali anapotembelea na kutafuta mlango wa kutokea. Muziki haukuwa na kosa.

Kuna upande wa pesa, nao nitaupitia haraka ingawa vijana huniuliza huo kwanza. Katika mikataba ya kawaida ya rekodi, kampuni ndiyo inayomiliki rekodi yenyewe, na msanii anasubiri mgao. Katika tamthilia za Broadway, waandishi wa maneno na muziki hubaki na hakimiliki yao, hulipwa asilimia ya mapato ya mlangoni, na hakuna mwongozaji anayeruhusiwa kubadilisha neno bila ridhaa yao. Igizo likifungwa, shule na vikundi duniani kote hulipia leseni kuliigiza. Kumbuka pia kwamba kibali unachopata kwa mashirika yanayokusanya mirabaha ya nyimbo zinazopigwa mahotelini na redioni si kibali cha kuigiza tamthilia. Hicho unakiomba kwa wenye tamthilia au mawakala wao. Nimeona vikundi vinavyojua na vinavyojifanya havijui.

Hapa nyumbani hatuko mbali na habari hii. Eric Wainaina alianza na kundi la Five Alive, akaenda kusomea muziki Berklee, Boston, na 2001 "Nchi ya Kitu Kidogo" ikamfanya jina la kila nyumba na maumivu ya kichwa kwa wakubwa. Kisha akaandika tamthilia ya muziki, Mo Faya, iliyofika hadi tamasha la tamthilia za muziki la New York mwaka 2009. Mhusika wake ni DJ wa redio katika mtaa wa mabanda. Nilipoiangalia kwa jicho la kazi nilicheka peke yangu, kwa kuwa ni mlango mwingine wa chumba kile kile: ukimfanya mhusika kuwa DJ, hakuna anayeshangaa muziki ukianza. Ni kazi yake. Wainaina hakuhitaji maiki kotini, maiki ilikuwa mezani tayari.

Na kuna walioingia kwa njia ndefu. Anaïs Mitchell, mwimbaji wa Vermont, alianza Hadestown 2006 kama igizo la kijijini, akaitoa kama albamu 2010, na haikufika Broadway hadi 2019. Katika miaka hiyo 13 aliandika upya, akafuta, akaandika upya, hasa nyimbo za mhusika wake Orpheus. Yeye aliyachukua mashairi yake na kuyageuza ngonjera, ubeti kwa ubeti. Namheshimu sana. Ila hakuna kikundi Nairobi chenye miaka 13. Sisi tulikuwa na wiki tatu.

Basi turudi Ngara.

Jambo la kwanza tulilojaribu ni kuiba wazi wazi. Nilimwambia mama aweke maiki kwenye leso, mahali ambapo kina mama hufunga pesa, wimbo ukifika kwenye kiitikio alifungue fundo na kuitoa. Nilijiona mwerevu. Tukawaita watu wa kwaya ya kanisa waliokuwa wakingoja zamu yao ya ukumbi, watutazame. Mama akafungua fundo, maiki ikachomoza, na benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja wa sauti ya nne akasema, "Nilidhani ni nauli." Alikuwa sahihi. Koti la Melchior linaweza kuficha ulimwengu mwingine, lakini leso ya mama wa Kayole tunaijua yaliyomo.

Tukakaa chini. Kijana alikuwa amenuna, kwa sababu wimbo ni wake na unapendwa na sasa unachekwa. Nikamuuliza lile swali langu: nani anausikia? Akasema, "Binti yake." Mama akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Akiwa hapa mbele yangu siwezi kuimba hivi. Nitamwambia avae sweta." Kimya kidogo. Kisha akaongeza, "Haya ningemwambia akishaondoka. Usiku. Kwa simu."

Tukaondoa wimbo uwanja wa ndege. Pale sasa maneno "ukifika nijulishe" yanasemwa tu, mara moja, haraka, jinsi yanavyosemwa kila siku, na sanduku linaondoka. Bendi haipigi hata noti moja. Wimbo umehamia nyumbani, saa tano za usiku, mama akiwa kitandani na simu mdomoni, amebonyeza kitufe cha kurekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Anaimba kwa sauti ya kunong'ona kwa sababu wadogo wamelala chumba hicho hicho. Simu iko karibu na mdomo, na ile maiki ndogo ya shavuni haihitaji kupandishwa kwa kuwa gitaa peke yake ndilo linalopiga. Nimeondoa ngoma na besi. Kiitikio cha kwanza ni mama anayekumbusha. Anatuma, tiki moja. Anarekodi tena, na kiitikio cha pili, maneno yale yale, ni mama aliyeanza kuhesabu saa za safari kwa vidole. Tiki moja. Cha tatu hakimalizi. Anafika "ukifika" na kidole kinaachilia kitufe.

Hatukubadilisha neno hata moja la kijana. Tumekata ubeti wa pili tu, na nilipomwambia hakuna aliyegundua alinitazama vibaya halafu akacheka.

Kinachotugombanisha sasa ni mwisho wake. Fundi wa sauti anataka baada ya kimya usikike ule mlio wa ujumbe kuingia, halafu taa zizime kabla hatujajua umetoka kwa nani. Mwongozaji anasema ikilia tu, nusu ya ukumbi watatoa simu zao kuangalia kama ni zao. Mama mwenyewe hataki mlio wowote. Anasema sasa anajua la kufanya dakika zile tatu, anatafuta mtandao, anainua simu kuelekea dirishani, anaishusha, anainua tena. Alhamisi tutajaribu kwa njia zote mbili, na kwaya imeahidi kuja mapema.